Kwa Atakayeshika Zamu Yangu

Kaa hapo, Mbodze, juu ya hilo kreti. Halina vumba.
Mkataba umeshatia sahihi, haya;
sasa nisikize mimi, ambaye sikuandikwa humo.

Watu wa Muyeye huona barafu tu,
mapande yakiteremka kwenye bati, pweza na changu wakizikwa humo,
wakaifuta mikono na kusema kiwanda kinafanya kazi.
Kinachofanya kazi hawakioni.
Kimo nyuma ya ukuta huu, mabombani, usiku na mchana.
Amonia.
Litamke polepole, kama jina la mkwe.

Ina kitu kimoja inachokipenda: maji.
Nawe ni maji, mwanangu.
Jicho lako ni kisima. Koo lako ni mfereji.
Kwapani, mapajani, penye jasho la Malindi hii,
ndiko itakakopapasa kwanza ikitoka.
Haina chuki nawe. Inakufuata kwa mapenzi.

Pua itakuonya: zizi la punda lililofungwa siku tatu.
Iamini pua mara ya kwanza.
Mara ya pili usiiamini. Pua ni shahidi anayehongeka:
ikikaa nayo saa moja
itaapa mbele ya kadhi kwamba hakuna kitu.

Waona kile kitambaa juu ya mlingoti?
Ni leso ya mamangu. Jina lake limeliwa na jua,
limebaki TWENDE tu.
Twende wapi, upepo ndio unaojibu.
King'ora kikilia usitazame geti, tazama leso.
Ncha yake ikielekea getini, geti limefungwa,
hata kama liko wazi.
Ukate upepo ubavu, upite tundu la ukuta
pale kwa wapara samaki. Watakutukana. Pita.

Chengo aliyajua haya yote. Ndiye aliyenifundisha.
Mwaka wa mvua kubwa tulikuwa tunatoa mafuta chini ya tangi,
akafungua koki, akaenda kuchukua chai.
"Dakika moja," alisema.
Mafuta yakaisha, ikaja yenyewe,
nyeupe, ikitambaa sakafuni kama maziwa yaliyofoka.
Lali, kwa kimbelembele, akavuta mpira wa maji
akalimwagia dimbwi lenyewe.
Usithubutu. Dimbwi lile ukilipa maji linachemka,
linainuka, linakuwa wingu mara mbili.
Naye Chengo akakimbilia getini
kwa sababu ndiko alikoegemeza baiskeli.

Siku hizi anauza madafu karibu na Maweni.
Sauti haikurudi. Hunong'ona bei,
na wateja humwinamia wakidhani ana siri.
Anayo.

Wahenga walisema juu ya ufa na ukuta.
Hapa ufa usipouziba, hapatakuwa na mjenzi.
Kwa hiyo usiingie peke yako, hata kufuata kalamu:
mmoja ndani, mmoja mlangoni, amevaa, anakuona.
Barakoa ya kitambaa ni heshima tu, si kinga; vaa ile yenye kichujio,
na tarehe yake isome.
Tajiri akikuletea koki ya shaba kwa kuwa ni rahisi,
mwambie shaba huliwa humu, kimyakimya, kwa miezi.
Na Jiki ya kuoshea sakafu ibaki kwenu. Isivuke mlango huu.

Kisha macho. Ikikugusa macho, hakuna kulia,
hakuna kufikicha: maji, robo saa nzima,
kwa saa ya ukutani si kwa kuhisi,
mwenzio akizishika kope zisifumbe.
Halafu hospitali, hata ukiona sawasawa.

Kila zamu, kabla ya kuuliza habari za nyumbani,
fungulia ule mfereji wa macho, pale karibu na mlango.
Uone maji yanatoka.
Juzi hayakutoka. Nikaandika kwenye daftari.
Jana hayakutoka. Nikaandika tena, nikapiga mstari.

Zile dumu mbili za manjano ni zangu, nimezibeba kutoka nyumbani.
Si za kunywa.
Ukizikuta zimepungua, jaza.