Gonga Nne

Mkokoteni ulikuwa wa babake Famau,
wa kubebea simiti kutoka gatini hadi Langoni.
Mpaka leo nikinusa simiti mbichi
narudi miaka tisa, makalio yamepauka vumbi,
mama ananung'unika: huyu mtoto amekaa wapi tena?

Nilikaa nikitazama nyuma.
Hilo watu hawakulielewa.
Bi Mwanatumu wa mahamri alipiga kelele kila asubuhi:
"Mgeuzeni huyo aone njia!"
Lakini nikigeuka nampa Famau kisogo,
na kwa Famau kisogo ni ukuta.
Masikio yake yaliondoka na homa.
Miguu yangu haikuondoka, haikuwahi kufika.
Basi tukatazamana.
Yeye akaona niendako, mimi nikaona atokako,
katikati yetu mikono ikasema.

Punda wa Lamu hana honi.
Huja nyuma yako na mawe ubavuni
katika kichochoro chenye upana wa mbavu mbili.
Nikimwona, nagonga ubao kwa kifundo cha kidole.
Moja: punda.
Mbili: watu na heshima zao, tuwapishe.
Tatu: simama.
Famau alizipokea habari kwa viganja.

Wengine waliniita kwa miguu yangu.
Majina hayo nimeyasahau.
Hapana, sijayasahau,
ila yamechujuka, hayana tena ladha.
Famau alinibatiza kwa kidole kimoja
akikipitisha katikati ya meno ya mbele:
Mwanya.
Nami nikamwita kwa kovu la kidevu,
siku alipoiba mkate wa mofa, tanuri likamshika.
Kitambulishoni hayamo.

Wafadhili wakaleta kiti cha magurudumu
kimefungwa utepe. Picha zikapigwa.
Hatua ishirini, gurudumu likanasa mferejini,
mbele vidato vitatu vya msikiti,
na mgeni akatutazama
kana kwamba mji ndio wenye kilema.
Labda.
Usiku Famau akayang'oa magurudumu yale
akayatia mkokoteni wetu.
Tukateleza kama samli.

Kisha akapelekwa bara, shule ya viziwi.
Miaka minne.
Ndugu zangu walinisukuma, Mungu awajaze heri,
wakanigeuza nione njia.
Njia niliiona. Sikuwa na wa kumwambia.

Alirudi na ndevu tatu na mikono migeni.
Vidole vyake vilikwenda mbio, vya kishule, vina sarufi,
vyangu vikaonekana vya jikoni.
Nikanuna. Wiki nzima sikutoka uani.
Nikamwambia, kwa lugha yetu kuukuu: nenda kwa wenzio.
Akajikuna kichwa. Akaketi mkekani pangu,
akapitisha kidole katikati ya meno.
Ikawa basi.

Sasa tuna mvi.
Mimi nashona kofia, nauza vocha.
Yeye ni fundi wa majenereta, ndiyo, kiziwi:
huweka kiganja juu ya mashine
akakuonyesha pistoni iliyo mgonjwa.
Wanangu wana nguvu za kunisukuma
na hunisukuma vizuri,
lakini Ijumaa ni ya Famau, hilo halijadiliwi.

Jana umeme ulikatika, Wiyoni mpaka Mkomani.
Giza likatufunga mikono.
Tulikuwa tunapanda kwetu, sijui nilikuwa namsimulia nini,
na nilipokatika usemi nikaisikia pumzi yake,
pumzi ambayo mwenyewe haisikii,
inakereza kama msumeno wenye kutu.
Nikagonga tatu.
Akasimama.
Hapakuwa na punda. Hapakuwa na mtu.
Nadhani alilijua hilo, viganja vyake ni vikongwe.

Nikaiacha pumzi ishuke.
Kisha, bila kupanga, nikagonga nne.
Nne hatujawahi kuipa maana.

Kimya.
Paka akapita juu ya ukuta.

Halafu kutoka upande wake wa ubao,
taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:
nne.