Kitambaa cha Kwanza

Bunduki yetu haina nafasi ya kosa la pili.
Risasi moja, kisha unaikunja kiunoni,
unachomoa ganda, unachomeka nyingine,
na mwizi, kama ana adabu, anakusubiri.
Kibwana husema hivyo tukipokezana lindo
hapa ghalani Kurasini, yeye mchana, mimi usiku:
bunduki moja, kiti kimoja, daftari moja.

Saa kumi na moja alfajiri naifungua.
Chemba tupu. Natia kidole kidogo, tupu kweli,
maana macho ya saa hizi ni waongo.
Mbao ya chini inatoka kwa kuvutwa kidogo,
bawaba inaachia,
mtutu unalala mapajani, mzito upande mmoja
kama mtoto aliyesinzia.
Pini mbili na springi naziweka kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi,
zisije zikakimbilia chini ya kontena
kama ile ya mwaka juzi, iliyonila mshahara.

Huku chumvi haibishi hodi.
Laza chuma siku tatu bila mafuta, kinaota vipele.
Mafuta yangu ni ya cherehani, nanunua mwenyewe.
Kampuni inatoa filimbi.

Vitambaa nakata kwenye khanga yangu kuukuu,
ile iliyoandikwa NIMEONA NIMENYAMAZA.
Mkasi haujui kusoma.
Kipande kimoja kinasema ONA, kingine NIME.
Leo ufito umekamata kinachosema NYAMAZA.
Nikausukuma toka nyuma kwenda mbele,
njia ileile ya risasi.

Kikatoka cheusi.

Si vumbi. Si kutu.
Masizi, na harufu ya kiberiti kilichozimwa kwa mate.
Miaka tisa sijafyatua.
Nikahesabu risasi: tano. Daftari: tano.
Ila moja inang'aa kuliko dada zake.

Ndipo nikamkumbuka mbwa.
Tulimwita Bonasi, kwa kuwa alikuja Desemba
ule mwaka ambao bonasi yenyewe haikuja.
Leo siku ya pili bakuli lake lina sisimizi.
Jana nilimwuliza Kibwana.
"Kahama," akasema, "mbwa nao wana mambo yao,"
akainama kufunga kamba za viatu
zilizokuwa zimefungwa.

Kitambaa cha pili, cheusi. Cha tatu, kijivu.
Nikasugua kwa brashi ya shaba mpaka kwapa likaniuma.
Cha saba kikatoka kama kilivyoingia.
Nikauelekeza mtutu kwenye taa ya lango:
mifereji inazunguka, safi, duara ndani ya duara,
na mwisho wake kipande cha lami
alipozoea kulala.

Nikarudisha springi, pini, mbao. Ka!
Nikaandika: Silaha safi. Risasi tano.
Sahihi: Tabu Chilumba.

Kibwana akaja na chapati kwenye gazeti.
Sikumwamkia. Nilikiweka kitambaa cha kwanza mezani.
Neno bado lilisomeka chini ya masizi.
Akalisoma. Akakaa kwenye kiti kabla sijakipisha.

"Lori la mbolea," akasema. "Lilirudi nyuma.
Miguu ya nyuma yote miwili, Tabu.
Na mkia bado ukinipigia lami, pa, pa,
kana kwamba nimemletea mfupa."
Akafuta uso kwa kofia ya kazi.
"Kontena zilikuwa zinashushwa. Hakuna aliyesikia."

"Na risasi?"
"Nimekopa."

Nilitaka kumwuliza kama mkono ulitulia.
Nilitaka pia kumtukana, kwa ajili ya jana,
kwa ajili ya zile kamba.
Nikakunja kitambaa nikakitia kwenye soksi.

Akakata chapati mafungu matatu. Mazoea.
Tukala yetu mawili, tukitazama lango.
La tatu lilibaki juu ya daftari
mpaka naondoka,
likichora duara la mafuta
juu ya neno "safi".