Kuhesabu Kibisi

Julai, Ngwazi. Sakitu imeung'ata mchai,
majani ya pembeni yameungua pasipo moto.
Natembea hadi ncha ya rasi, nchi kavu
inapochomoza ziwani kama kidole kinachoonja uji.
Soksi jozi mbili. Darubini ya kuazima,
kioo cha kushoto kina ukungu wake chenyewe.

Mnandi: kumi na tisa, juu ya mti uliozama,
mbawa wazi kama makoti kambani
yakisubiri jua lisilo na haraka.
Kukuziwa: mia moja na ushei,
wengine wanagombana matetini, siwaoni, nawasikia.
Bata domo-jekundu, sita. Yangeyange, mmoja,
amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha baridi.

Kisha kibisi.
Anazama. Naandika: mmoja.
Anaibuka kule.
Wa pili? Au yuleyule?

Sigrada Kihwele alikuwa na kanuni yake:
bana pumzi anapozama;
ukiishiwa kabla hajatoka,
atakayetoka ni mwingine.
Mwaka jana tulibana hapahapa, mashavu yametuna,
hadi kicheko kikatuponyoka, bata wote wakaruka,
tukaanza upya kuhesabu, yeye akinilaumu mimi.

Daftari ni lilelile. Kurasa za mbele, mwandiko wake,
saba zake zimekatwa kiunoni.

Kibisi anazama. Nabana.
Ukungu unateremka kutoka mashamba ya chai,
unafuta matete, mti, mnandi wote kumi na tisa.
Nabana.
Nimeishiwa.

Ndani ya weupe ule, mbali, kitu kinacheka
cheko la haraka, la kushuka ngazi.

Naandika: wawili.