Ncha ya Mkia

Alfajiri, Nachingwea. Mitego ishirini na miwili,
chambo karanga na dagaa wa kuponda.
Ishirini mitupu. Mmoja umenasa jongoo.
Wa mwisho unatikisika.

Chinguile anamtoa panya kwa ngozi ya shingo,
anakata ncha ya mkia, kama punje ya ufuta,
anaitumbukiza kwenye spiriti, anaandika namba,
anamwachia.
Shemeji yangu hoi kwa kicheko:
"Kitoweo chote hicho, mmebaki na ncha?"

Majibu yalikuja msimu wa korosho.
Panya wetu na wa ng'ambo ya Ruvuma
wanafanana masharubu, wanafanana woga,
ila damu zao ziliachana
kabla mtu hajawasha moto huku.
Kati yao ulisimama msitu, akasema,
mbichi, wa giza,
usiopitika kwa mla mbegu za nyasi.
Kisha kiangazi kikautafuna, nyika ikarudi,
ndugu hawakutambuana tena.

Miaka thelathini nalima hapa
nikidhani nyika ilizaliwa nyika.

Jana jembe limefukua tundu:
vitoto sita, vyekundu, macho hayajafumbuka.
Nikarudishia udongo.
Tuta hilo nimeliruka.