Mkate wa Jumamosi

Leo siwashi moto, Oreste.
Hata kiberiti kisisikie jina lake likitajwa.
Tangu asubuhi kuta za jikoni zinatoka jasho,
nyenze wamekaza uzi uleule huko mizeituni
kana kwamba wanalipwa kwa saa,
na paka wa Nives amelala sakafuni
kama nguo iliyoanguka kambani.

Kaa hapo nje, vua soksi.
Chakula kipo. Hakihitaji jiko.

Nyanya nimezichuma kabla jua halijazichemsha,
zile kubwa za mikunjo, mbaya kwa sura,
zinazopasuka mabegani kwa utamu.
Nimezikatia mkononi, bila ubao,
maji yake yakanitiririka hadi kiwikoni.
Kitunguu chekundu nimekilaza kwenye siki
kipunguze ukali;
laiti ningeulaza na ulimi wako humohumo.
Tango. Chumvi ya mawe.
Mrehani nimeuchana kwa vidole,
maana kisu huusawijisha.

Na sasa mkate.

Usigeuze uso. Najua.
Miaka arobaini na mmoja umeniambia
mwoka mikate hali mkate wa jana,
kiporo ni cha kuku.
Mama yangu akishika bakuli la saladi ya mkate
ulikumbuka ghafla una shughuli mahali.
Saa nane za usiku, wenzako wakigeuza mto
watafute upande wenye ubaridi,
wewe ulikuwa unageuza kinyunya,
ili kukicha mji mzima ule kitu
kisichokuwa na jana.

Lakini Jumamosi ulizima tanuri.
Magoti yamekataa, daktari amekataa,
na Tullio yuko Torino anauza bima,
hataki unga kwenye viatu vyake.
Ulifagia majivu, ukafunga mlango,
ukamkabidhi Ubaldo funguo
kama mtu anayeozesha binti asiyependa kuachana naye.
Hukuniona nikichukua ule wa mwisho,
uliopinda upande, ulioona haya kuuuza.
Nikaufunga kitambaa, nikauficha kabatini.
Leo siku ya nne. Mgumu kama kigae.

Nimeuzamisha majini.
Ukanywa taratibu, kama punda aliyetoka mbali.
Nimeuminya kwa ngumi zangu mbili
na ndani ya kuuminya nikaikuta mikono yako:
hapa ulipouviringisha,
hapa kidole gumba kilipofunga mshono wa chini.
Nikasimama kidogo pale kwenye sinki.
Basi.

Mafuta ya zeituni, usihesabu.
Siki, hesabu.

Ubaldo ameleta chupa mbili za mvinyo mweupe
kutoka shamba la shemeji yake,
hazina karatasi, hazina jina;
tangu adhuhuri zinaning'inia kisimani.
Ivute kamba wewe, kazi hiyo haitaki magoti.
Ona bilauri inavyoshika ukungu.
Una ladha ya tufaha bichi
na jiwe lililonyeshewa,
halafu mwishoni uchungu mdogo, kama ganda la lozi.
Kunywa polepole;
jua bado lina nusu saa ya kiburi.

Umechukua uma. Umetafuna. Umenyamaza.
Mbayuwayu wanaikata anga vipande vipande
juu ya mnara wa kanisa.
Nami nimejifanya natazama mbayuwayu.

Umechovya kipande kwenye maji ya nyanya
yaliyotuama chini ya bakuli,
ukasema, si kwangu, kwa bakuli:
"Maisha yangu yote sikuutia chumvi,
kama baba, kama babu.
Wateja wa mbali wakiuliza kwa nini,
nikiwajibu, ndiyo desturi."
Ukalamba kidole.
"Kumbe ulikuwa unaacha nafasi."

Kisha: "Umebaki mwingine?"

Nimekumiminia mvinyo badala ya jibu.
Kesho tutanunua wa dukani, uliokatwa tayari,
uliovishwa nailoni,
na utaulalamikia hadi kiangazi kiishe.