Darasa la Tatu B

Mvua ya tarehe sita haikubisha hodi.
Ilishuka kutoka Loleza na udongo wake wote,
ikaukuta ukuta wa Subilaga, wa tofali mbichi,
ikauegemea tu, kama mlevi anavyoegemea mlango.
Ukafunguka.

Walitoka wanne na godoro moja.
Jogoo alibaki. Tulimsikia hadi saa tisa,
kisha hatukumsikia.

Shule ilikuwa imefungwa. Mwalimu mkuu akatoa ufunguo:
"Darasa la Tatu B. Mpaka tufungue."
Tarehe hakuitaja. Imebandikwa mlangoni.

Ubaoni ipo hesabu waliyoiacha watoto:
Mama ana maparachichi kumi na mawili.
Akiwagawia wanawe watatu sawasawa,
kila mmoja atapata mangapi?
Subilaga ana watoto watatu.
Hajaifuta. Anasema ubao si wake.

Mimi ndiye ninayezunguka na daftari.
Nina mwandiko mzuri, ndiyo sababu tu.
Mwakipesile wa mashine: unga, nusu debe.
Mama Gwakisa: viazi ndoo moja, vidogo, lakini vimefika shingoni.
Fundi Lwitiko: kandambili jozi tatu; miguu hakuipima.
Duka la mabati kule Mwanjelwa: ahadi.
Kwaya: mchele wa Kyela, kilo ishirini,
ule unaonukia hata ukiwa gunia.
Na juu ya jalada, kwa wino mwekundu, mkono wangu mwenyewe:
KRISMASI YA WALIOANGUKIWA NYUMBA.

Siku ikafika, Isanga yote ikaingia darasani.
Madawati yakawa meza. Kreti ya soda ikaja kichwani mwa mtu.
Mchele ulipikwa wote, kilo zote ishirini,
ili na waliokuja kutoa wale.
Kijana mmoja mwenye simu alimwomba Subilaga
ashike tena mfuko, kwa mikono miwili,
aangalie huku.
Ulikuwa mtupu tayari. Akaushika. Akaangalia huku.
Ipyana alikula mpaka akalala na mfupa kiganjani.

Ishirini na sita hakuja mtu.
Ishirini na saba nilikuja mimi,
maana nilisahau mwavuli.

Alikuwa amepiga magoti, anapima unga
kwa kifuniko cha chupa ya chai.
Vifuniko vinne kwa siku: unafika tarehe kumi.
Shule inafunguliwa kumi na tatu.
Mahindi huko mashambani yamefika magoti ya mtoto,
na Juni iko mbali, iko nyuma ya mvua zote.
"Ndaga," akaniambia. "Sikukuu ilikuwa nzuri."
Alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo paliponichoma.

Kutoa ni moyo, tunasema.
Wangu, kumbe, una kalenda ukutani.

Nikakaa kwenye dawati la mtoto wa miaka tisa,
magoti yakagusa kidevu,
nikajifanya nasoma ubao.
Lugano akanijibu, wala sikumwuliza:
"Ni manne manne."
Akafikiri kidogo.
"Na mama atakula nini?"

Nikafungua daftari, nikashuka na majina kwa kidole,
ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi kwenye ile ahadi ya bati.
Langu halikuwemo.
Mwenye kalamu hujiruka.

Kwangu, uani, kuna chumba.
Kina dirisha, kina sakafu, bati halivuji.
Miaka mitano sasa kimelaza pikipiki iliyokufa
na mapipa ambayo sijui nilikuwa nayawekea nini.
Nilishapita mbele yake mara ngapi, na daftari kwapani,
nikienda kuwauliza wengine?

Nikalikata neno KRISMASI kwa mstari mmoja.
Wa pili haukuhitajika, wino ulikuwa mwingi.

Pikipiki ile nzito.
Tuliisukuma watatu, mimi, Subilaga na Lugano,
kandambili zikiteleza, kubwa kuliko miguu,
mpaka nje,
tukaiacha inyeshewe.