Laki Nne na Ishirini

Diski ya marehemu baba inabisha hodi.
Kti. Kti. Kti.
Na mie nimelelewa: hodi ni tatu,
usipojibiwa unageuka, unakwenda zako.

Humo ndani mna harusi mia tatu na kumi na moja,
za Wete, za Konde, za Kiuyu, mpaka Makangale,
mabibi harusi ambao siku hizi ni mabibi kweli,
watoto waliolala chini ya viti, punje za pilau shavuni.

Zamu yangu ya kibati iliangukia Ijumaa.
Jumamosi nikashuka Chake, kwa Shaame Faki,
laki nne na ishirini kwenye pembe ya khanga,
mafundo mawili.

Akanionyesha kwanza kisanduku kipya, cheusi,
kimetulia kama kadhi, kazi yake kuweka tu.
"Milioni na laki mbili. Bila diski."
Bila diski! Sawa na kuuziwa sufuria
ukaambiwa kitako chake kinauzwa duka la pili.

Akavuta jengine, la mtumba, la ofisi iliyofungwa,
refu kama kabati la dawa, laki moja.
Alipoliwasha feni ikavuma, risiti zikaruka mezani.
Nikapiga hesabu kwa vidole:
wati sitini na tano, usiku na mchana,
uniti arubaini na saba za Tukuza kila mwezi.
Friji la mama halili hivyo, na lina samaki wa kulinda.

"Basi kodi nafasi mtandaoni," akasema, "ulipe kidogo kidogo."
"Nguo ya kuazima, Shaame," nikamjibu,
na methali akaimalizia mwenyewe, kwa kicheko.

Mwisho, kwa aibu, akatoa kidude
cha ukubwa wa nusu tofali, kimechubuka pembeni.
Laki na thelathini. Wati kumi na mbili. Hakina kelele.
"Ila prosesa yake ya zamani, ina miaka tisa."
Na iwe. Kazi yake kukaa kitako na kukumbuka,
haendi mbio popote.

Diski nikataka mbili, nusu ya nakala isiwe roho moja.
Akaniwekea mbili za boksi moja, namba zimefuatana.
Nikairejesha ya pili.
Ndugu wa tumbo moja huugua maradhi mamoja;
moja nichukue kwako, moja aninunulie Raya, Darajani,
aivushe kwa boti ndani ya mkoba wa nguo.
Mia na ishirini, mia na ishirini.
Moja itakaa tumboni, moja ubavuni kwa waya.

Ikabaki hamsini, na haja mbili:
memori, au betri ya kushikilia umeme ukikatika.
Shaame akaisifu memori kama anayeposa.
Lakini umeme wetu unatoka Tanga, unapita chini ya bahari,
unafika kwetu umechoka, mara unakaa, mara unaondoka bila kuaga.
Nikachukua betri.
Giga nne zinatutosha, nyumba ina watu watatu
na mmoja wao ni mtoto wa kunyonya.

Sasa kipo juu ya kabati, mbali na dirisha la chumvi.
Najua, pacha si hazina: ukimwambia mmoja sahau,
mwenziwe naye husahau papo hapo.
Inatakiwa ya tatu, ikae Mkoani kwa shangazi.
Zamu ijayo, inshallah.

Kunakili kulichukua siku mbili na usiku wake,
ile kongwe ikigonga, mimi nikiiombea.
Harusi ya mwisho kupita ilikuwa ya Makangale.

Jana usiku mama akataka kuona, yoyote tu.
Baba haonekani hata katika moja.
Yupo nyuma ya kamera, anakohoa,
anamfukuza kuku, anasema kwa upole:
"Bi harusi, inua kidevu. Kidogo. Hapo hapo."

Na mama, kitandani, gizani,
akainua.